Draiva ya kihisi joto: achana na ioctl, tumia hwmon

Mkuu, umeuliza kama draiva (programu inayounganisha chipu na mfumo wa uendeshaji) ya kihisi joto cha bodi yenu itoe kifaa ndani ya /dev chenye ioctl zake, yaani amri maalumu za kukiuliza kifaa, au faili la kusoma kwa amri ya cat, na kama joto litoke kwa desimali. Waliotangulia wamekwambia fanya unavyoona. Mimi sikubaliani nao. Draiva za namna hii ndizo zinazonipa ugali, nyingi zikiwa za vyumba vya baridi vya samaki, na kusoma chipu haijawahi kuwa kazi kubwa. LM75, chipu ya kupima joto, unaisoma kwa baiti mbili tu. Kazi ni kuamua unamwahidi nini atakayesoma namba yako.

Desimali tuimalize haraka. Keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, haifanyi hesabu za float (namba za desimali), kwa sababu rejista za hesabu hizo zimeshikwa na programu iliyokuwa ikiendeshwa, na kuzihifadhi kisha kuzirudisha kuna gharama. Ndiyo maana hwmon, sehemu ya Linux inayoshughulikia vihisi vya mashine, hutoa namba kamili kwa elfu za nyuzi za Selsiasi: 48500 ni nyuzi 48.5. OpenBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, wanahesabu kwa sehemu za milioni za Kelvin. Zote mbili zinafaa, wewe usilete ya tatu. Na ioctl yako ina maana kila anayetaka joto aandike programu yake, wakati ukijisajili hwmon, amri ya sensors inakuona siku hiyo hiyo.

Sasa penye uzito. Angalia hii, ni faili la w1_slave, ambamo Linux hutoa kipimo cha kihisi cha DS18B20, kwenye chumba cha samaki:

50 05 4b 46 7f ff 0c 10 1c : crc=1c YES
50 05 4b 46 7f ff 0c 10 1c t=85000

CRC, namba ya kuhakiki kwamba baiti zimefika salama, imepita, YES ipo, na joto ni nyuzi 85 kwenye chumba ambacho samaki wameganda kama mawe! Hiyo 85 ndiyo thamani ambayo chipu huamka nayo umeme ukikatika na kurudi, kabla haijapima chochote. Waya ulikuwa mrefu, umeme unayumba, king'ora kinalia usiku, na mlinzi anafungua mlango kuangalia kulikoni, joto la nje linaingia. Programu ya juu haina kosa hapo, imepewa namba halali.

Mtu atasema basi tupa kila 85. Je, kihisi hicho hicho kikifungwa kwenye tangi la maji ya moto? Draiva ya w1_therm, inayosoma vihisi hivi, ina faili linaloitwa features: ukiweka 1, inaangalia pia baiti ya 6 ukihesabu kuanzia sifuri, yaani ile 0c, ya saba ukihesabu kuanzia moja; usiichanganye na 1c ya mwisho, ambayo ni CRC. Ikiwa ni 0c na joto ni 85 kamili, msomaji anapewa kosa badala ya joto. Hilo ndilo la kunakili: usipokuwa na jibu, read irudishe kosa, kama -ENODATA au -EIO. Usirudishe sifuri, wala kipimo cha mwisho kimyakimya. Kihisi kilichokatika waya kina faili lake, temp1_fault. OpenBSD nao wana alama ya kusema kipimo hiki si halali, imekaa pembeni ya thamani yenyewe.

Jambo jingine ni kwamba kusoma si bure. DS18B20 kwa biti 12 inachukua hadi milisekunde 750 kupima. Draiva ya drivetemp, iliyoingia Linux 5.6, nyaraka zake zinaonya kuwa kwenye baadhi ya diski kusoma joto kunaanzisha upya saa ya kuzima mzunguko, yaani ukichungulia kila mara diski hailali. Kwa hiyo hifadhi kipimo kwa muda unaolingana na kasi ya chipu, na muda huo uutangaze kwa update_interval.

Halafu sema unapima nini. AMD, watengenezaji wa prosesa, wana kipimo kiitwacho Tctl, ambacho ni namba ya kuongozea feni tu. Kwenye prosesa yao ya Ryzen 7 1800X ilikuwa juu ya joto halisi kwa nyuzi 20, na watu wakadhani prosesa zinaungua. Weka temp1_label inayoeleweka. Na waambie wenzako skripti zisishike hwmon2 kwa namba, maana mashine ikiwashwa tena inaweza kuwa hwmon3. Wasome faili la name.

Maamuzi ya feni na kupunguza kasi usiyaweke ndani ya draiva. Kuna mfumo wa thermal kwa kazi hiyo, na ukijisajili kwa devm_hwmon_device_register_with_info ukaweka HWMON_C_REGISTER_TZ, draiva moja inahudumia pande zote mbili. Nini kikae ndani ya keneli ni jambo linalobishaniwa: FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, waliingiza mfumo wa vihisi wa OpenBSD Oktoba 2007 wakautoa karibu papo hapo, kwa mabishano ya aina hii hii.

Kabla hujaandika mstari wowote, soma maandishi juu ya chipu yenyewe. Ikiwa ni LM75 au ndugu zake kama TMP102, draiva ipo tayari kwenye keneli, unachohitaji ni kuitaja chipu kwenye device tree ya bodi yenu, maelezo yanayoiambia keneli kuna vifaa gani.