Chuja kwanza, alama baadaye

Wewe uliyeingia kitengo cha ununuzi juzijuzi, ukikabidhiwa jedwali la zabuni utatamani kukimbilia uzito wa vigezo, kwa mia: bei 60, uwezo wa pampu 40. Ngoja kidogo.

Tuseme kuna pampu tatu. A ni shilingi milioni 12, inasukuma meta za ujazo 30 kwa saa. B ni milioni 9, inasukuma 22. C ni milioni 21, inasukuma 20 tu. C imezidiwa kwa bei na kwa nguvu, hakuna mwenye akili atakayeinunua. Sasa toa alama kama wengi wanavyofanya: bora katika kigezo apate 1, wa mwisho 0, aliye katikati kwa uwiano, kisha zidisha kwa uzito (0.6 na 0.4) ujumlishe. C ikiwemo, A inapata 0.85, B 0.68. Ifute C, piga hesabu upya: B 0.6, A 0.4. Mshindi kageuka! Bei ya C ilivuta kipimo kikawa kirefu, zile milioni 3 kati ya A na B zikaonekana si kitu.

Wala sisemi jibu la pili ndilo sahihi. Dawa ni kuweka ncha za kipimo mapema, kabla bahasha hazijafunguliwa: bei ipi ni 0, ipi ni 1. Hapo C ibaki au iondoke, alama za wenzake hazitikisiki.

Kiwango cha chini nacho kina makali yake. Ukiandika “isipungue meta za ujazo 25”, B imetoka kabla ya yeyote kutazama bei yake. Kwa hiyo muulize mhandisi 25 imetoka wapi. Kama ni mahitaji ya maji ya kijiji, sawa. Kama ni namba iliyokadiriwa tu ili ipendeze, jaribu 22 kwa bei za sokoni uone nani anarudi. Fanya hivyo kabla ya kutangaza, maana bahasha zikishafunguliwa huna ruhusa ya kuhamisha goli.

Kufuta waliozidiwa ndiko salama zaidi, kwa kuwa hakuhitaji uzito wowote, ila kunafaa pale unapotafuta mmoja tu. Ikija D ya milioni 13 yenye 29, A inaizidi, lakini A ikijitoa huenda D ndiyo ukaihitaji. Ukitaka mshindi na wa akiba, futa waliozidiwa na wawili au zaidi: C inaondoka, D inabaki.