Re: Mama kanyimwa PIP, akate rufaa au aombe upya?

Salaam dada, pole na hayo. Kama nimekuelewa, mama yako hapa Uingereza kanyimwa PIP, ile posho ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, kwa kuwa kapewa pointi 4 tu, na hujui aanzie wapi.

Asiombe upya. Kwanza tazama tarehe ya barua: ana mwezi mmoja wa kuitaka idara iliyomnyima (DWP) iuangalie tena uamuzi wake. Hatua hiyo hairukwi. Kama mwezi umeshapita, aombe hivyo hivyo na aeleze kilichomchelewesha.

Leo hii pigeni simu muombe nakala ya ripoti ya mtathmini, maana kila kitu kimo humo. Ya mjomba wangu iliandikwa "anapika mwenyewe", wakati sufuria ilikuwa inamponyoka na shangazi ndiye anayeepua. Kanuni inataka mtu aweze jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika na bila kuchukua muda mrefu mno. Pitieni kipengele kimoja kimoja kwa macho hayo. Pointi 8 kwenye shughuli za kila siku zinatosha malipo ya kiwango cha kawaida, 12 ya kiwango cha juu. Kutembea huhesabiwa peke yake.

Wakikataa tena, ndipo mnakwenda mahakamani ndani ya mwezi mmoja, bure. Watakaomsikiliza ni jaji, daktari na mtu anayeujua ulemavu. Kwenye fomu ombeni mkalimani wa Kiswahili, tafadhali usimtafsirie wewe. Na aeleze hali yake ya wakati ule wa uamuzi, si ya leo.

Ukiipata ripoti, iweke hapa bila jina lake tuisome pamoja.