Famasia ya kliniki mkiwa wafamasia wawili tu: tafuta saa moja ya wodini uilinde

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mganga mfawidhi amekutaka uanzishe huduma ya famasia ya kliniki, yaani mfamasia kuzifuatilia dawa za mgonjwa wodini; mko wafamasia wawili na mteknolojia dawa mmoja, foleni ya dirishani inafika nje, na unaomba muundo wa kitengo pamoja na fomu. Kazi hii nimeifanya katika hospitali ya wilaya hapa mkoani Tanga, nikiwa na idadi kama yenu. Fomu nitakupa, ila zisikutangulie. Sisi tulitanguliza fomu za kurasa 4, na mwezi wa pili hakuna aliyekuwa anazijaza.

Kilichosimamisha huduma kwetu ni saa moja. Kuanzia saa 2 hadi saa 3 asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, mfamasia mmoja yuko kwenye raundi na daktari, wodi ya wanaume. Wodi moja tu. Saa hiyo kila mtu ataitaka: leo gari la Bohari ya Dawa (MSD) limefika na mzigo upokelewe, kesho ripoti ya eLMIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa za dawa, inadaiwa, keshokutwa mwenzako ana msiba Korogwe. Usipoilinda, haitafika mwezi. Tulikaa na mfawidhi, ikaingizwa kwenye ratiba ya zamu kwa jina na saa, kama zamu ya usiku inavyoandikwa. Mzigo ukawa unapokelewa kuanzia saa 4. Dawa za kliniki ya presha na kisukari tukawa tunazifungasha jana yake mchana, na foleni ya asubuhi ikapungua bila kuongeza mtu.

Nikueleze kwa nini naing'ang'ania saa hiyo. Tulilaza mgonjwa mmoja, mvuvi, anayeishi na VVU, aliyeanza dawa za TB wiki chache nyuma. Kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, ilisema TLD kidonge kimoja kwa siku; hicho ni kidonge cha mseto cha dawa tatu za VVU, mojawapo ikiwa dolutegraviri. Kadi ya TB ilionyesha vidonge vyake vya mseto, dozi sawasawa na uzito. Faili la wodini liliandikwa "aendelee na dawa zake". Nikamwomba mkewe anitolee kila kitu mumewe anachomeza. Akafungua fundo la kanga, akamwaga kitandani: kopo la TLD, karatasi za dawa za TB, na vidonge vya maumivu vya duka la dawa muhimu. Nikavipanga juu ya shuka, kopo na karatasi zikakaa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo daktari na mimi tulipoona.

Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inashusha kiwango cha dolutegraviri mwilini. Mgonjwa wa namna hii anahitaji dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku: TLD yake, kisha kidonge cha dolutegraviri (DTG) peke yake baada ya saa 12, na aendelee hivyo mpaka wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Kidonge cha pili hakikuwepo kitandani pale. Kila kadi ilikuwa imejazwa vizuri, lakini hakuna aliyepangiwa kuzisoma zote mbili kwa pamoja. Mimi naamini hiyo ndiyo kazi yetu, na huwezi kuifanya ukiwa dirishani.

Kumbukumbu iwe daftari moja gumu: tarehe, namba ya faili, tatizo, ulichopendekeza, kilichoamuliwa. Pendekezo liandike pia kwenye faili la mgonjwa na uweke sahihi, maana neno la mdomo halifiki zamu ya jioni. Baada ya miezi 3 tulilifungua daftari mbele ya Kamati ya Dawa na Tiba. Lililojirudia zaidi lilikuwa gentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, kwa wazee ambao figo zao hazijapimwa. Kamati ikaamua majibu ya kreatinini, kipimo cha figo, yawe kwenye faili kabla dozi haijaendelea, na maabara ikakubali kuvitanguliza vipimo hivyo. Barua nilizokuwa nimeandika nyuma hazikuwahi kuleta matokeo hayo.

La pili lilikuwa seftriaksoni, ambayo WHO imeiweka katika kundi la antibiotiki za kuangaliwa kwa karibu. Ilikuwa inaandikwa karibu kwa kila homa. Tulipoanza kuuliza wodini sababu ya kila chupa, matumizi yalishuka, na maoteo, yaani makadirio ya mahitaji ya dawa, tuliyopeleka MSD yakaanza kufanana na hali halisi. Mfawidhi akilalamika kwamba wodi inakula muda wa stoo, mwonyeshe hilo.

Kwa madaktari, usimsahihishe mtu mbele ya mgonjwa. Msubiri mlangoni, umuulize, ukiwa na Mwongozo wa Matibabu mkononi. Muuguzi mkuu wa wodi mweke karibu kuliko wote, kwani yeye ndiye anajua nani ametapika dawa na nani ameificha chini ya mto. Fomu za njano za TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, za kuripoti madhara ya dawa ziache mezani kwake, na ujaze naye za mwanzo.

Wodi ya pili usiiguse mpaka uende likizo na mwenzako aishike saa yako bila kuikosa hata siku moja. Ukifika hapo ningeanza na watoto, kwa sababu dozi zao zinakwenda kwa kilo na uzito mara nyingi unakisiwa. Hakikisha mizani inafanya kazi kabla hujaingia.

Niandikie hapa hapa umechagua wodi gani na raundi yao inaanza saa ngapi, tuipange ratiba pamoja.