Laptopu inawaka taa lakini kioo ni giza: je, nipige Windows?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, sasa nina miaka mitatu nayo. Jumatatu umeme ulikatika nikiwa naingiza alama za wanafunzi. Uliporudi nikaiwasha: taa inawaka, feni inavuma, lakini kioo ni cheusi, hata nembo ya kampuni haitokei. Taa ya Caps Lock inawaka na kuzima mara kadhaa, inatulia, halafu inaanza tena. Fundi mmoja ameniambia Windows imekufa, nimpe shilingi 30,000 apige upya, ila vilivyomo vitafutika. Alama za kidato cha nne zote zimo humo. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, mwalimu, na pole sana. Kabla ya yote, usimruhusu mtu apige Windows kwenye mashine hiyo. Kwa dalili ulizonieleza, laptopu yako haijafika hata mlangoni kwa Windows.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, anayeamka kwanza ni BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya madabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Inakagua prosesa (ubongo wa mashine), ramu (kumbukumbu yake ya muda) na sehemu ya picha. Ikiridhika ndipo inatoa nembo ya kampuni kwenye kioo, na baada ya hapo ndipo inakwenda kwenye diski kuitafuta Windows. Wewe nembo hujaiona. Maana yake ukaguzi umekwama njiani, na kuna uwezekano mkubwa Windows yako pamoja na alama za watoto vimelala kwenye diski bila kuguswa. Tena jiulize: kioo kikiwa giza, huyo fundi atapigaje Windows asichokiona? Ni lazima kwanza arudishe picha. Na picha ikisharudi, mara nyingi hakuna tena sababu ya kufuta kitu.

Mwaka jana mama mmoja anayekaa Sakina, Arusha, aliniletea laptopu iliyokuwa imepigwa Windows mara mbili ndani ya miezi minne, na kila mara ikarudia giza lilelile. Nilipochomoa ramu, meno ya ramu hiyo, yaani vile vipande vya rangi ya dhahabu ukingoni, yalikuwa na utando wa kijivu. Niliyafuta kwa raba ya kawaida ya mwanafunzi, nikairudisha, ikawaka. Picha zake za miaka sita zilikuwa zimeshafutwa kwa ugonjwa ambao haukuwa wa Windows. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakusisitizia wewe.

Sasa hiyo taa ya Caps Lock. Hiyo ndiyo sauti ya mashine: haina kioo cha kukuambia shida, inakuambia kwa taa. Laptopu nyingi za HP hutumia Caps Lock au taa ya betri. Dell hutumia taa ya umeme, rangi mbili zikipokezana. Hesabu inawaka mara ngapi kabla ya kutulia, kama ni miwako mirefu na mifupi hesabu kila aina peke yake, andika kwenye karatasi. Kisha soma namba kamili ya modeli chini ya laptopu na utafute maana yake kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Usitumie orodha ya modeli nyingine, maana idadi ileile inaweza kumaanisha ramu huku na prosesa kule.

Ukishaandika, ondoa umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa, toa betri kama inatoka kwa nje, halafu kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 30. Chomeka chaja peke yake, washa. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, hatua hii peke yake huponya mashine nyingi.

Ikigoma, nenda kwenye ramu. Vumbi letu la Arusha na Moshi ni laini kama unga, na feni hulivuta ndani mchana kutwa. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, na kama betri iko ndani chomoa waya wake kwanza kabla hujagusa kingine. Shika chuma kilicho wazi ili umeme wa mwilini ukutoke. Utaona kibao kirefu kama kidole, kimebanwa na vishikizo viwili vya chuma pembeni. Vitanue kwa kucha. Ramu itainuka yenyewe na kulala mshazari. Ivute, futa meno ya dhahabu taratibu kwa raba safi, pangusa mabaki kwa brashi kavu. Irudishe kwa mshazari uleule, sukuma mpaka meno karibu yote yazame, ndipo uikandamize chini mpaka usikie vishikizo vikisema ta! Zikiwa ramu mbili, jaribu moja moja, na kila moja kwenye kila nafasi. Kama hukuona kibao, huenda ramu imechomelewa kwenye bodi. Hapo funga umwachie fundi.

Ukiwasha baada ya hapo, ipe nafasi. Kioo kinaweza kubaki giza dakika moja au mbili, au ijizime na kujiwasha, kwa sababu bodi inajifunza ramu upya. Watu wengi huharakisha kuzima hapo na kudhani wameshindwa.

Picha ikirudi unaweza kuambiwa tarehe si sahihi au hakuna diski ya kuwashia. Usishtuke. Kwenye laptopu za mtumba betri ya saa ya BIOS mara nyingi imekwisha, na mipangilio hurudi ya kiwandani. Nyingi hutumia CR2032 ya volti 3, unaipata kwa wauza saa. Ingia BIOS urekebishe saa, kisha uangalie kama iko UEFI au Legacy (njia mbili za BIOS kuiwasha Windows); ijaribu ile ya pili. Ikikuomba ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski), uutafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia simu.

Ikikataa kabisa, bado kuna uwezekano mkubwa alama zako ni salama. Fundi aitoe diski, aiweke kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, akunakilie faili kwenye flashi wewe ukiwa umekaa pale. Kama diski ilikuwa na BitLocker, ufunguo ule utahitajika hapo pia. Malipo ya ukarabati mzungumze baada ya flashi kuwa mfukoni mwako.

Lakini kwanza fuata hatua hizo kwa mpangilio: hesabu miwako, ondoa umeme uliobaki, kisha raba. Picha ikirudi, nakili alama kabla hujafanya lingine lolote. Isiporudi, niandikie idadi ya miwako na namba ya modeli.