Timu 13 kwa mchezaji mmoja, hiyo sio kufeli

Mkuu umeuliza mtu aliyepita timu 13 kwenye besiboli ya Marekani si ina maana alikuwa garasa tu kila mtu anamsukumia mwenzake? Hapana aisee, na hili nakujibu kwa moyo kabisa maana huyo jamaa nimemwangalia tangu nafika Houston 2002.

Anaitwa Octavio Dotel, mtu wa Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika. Kazi yake kurusha mpira, ila sio yule anayeanza mechi, yeye ni wa kuitwa. Mechi ina awamu 9, anayeanza mkono ukichoka ndo wanaitwa kina Dotel. Wanakaa pembeni sehemu inaitwa bulpeni, simu inalia, fulani apashe, basi anapasha weee mpaka jasho, halafu simu inalia tena, kaa chini hatukuhitaji. Mimi nahudumia wazee kupitia wakala, nakaa viatu miguuni nasubiri simu waniambie leo naenda nyumba ipi, so siku nilipoelewa bulpeni ni nini nilimpenda huyu mtu hapohapo.

Juni 2003 Astros, timu ya Houston aliyokuwa anachezea Dotel, wako New York na Yankees, Roy Oswalt aliyeanza kurusha akaumia mapema, ikabidi waingie watano wengine mmoja baada ya mwingine na Yankees hawakupata hiti hata moja, yaani pigo safi la kumfikisha mpigaji kwenye beisi, mechi nzima! Dotel akaingia awamu ya 8 akawamaliza wapigaji wanne kwa straiki, maana mpigaji akihesabiwa straiki tatu anatoka. Wanne, wakati awamu inaisha wakitoka watatu! Ni kwamba kuna mmoja ile straiki ya tatu mpira ulimponyoka mdakaji, mpigaji akakimbia akawahi beisi ya kwanza, kwa hiyo straiki imehesabiwa na mtu hajatoka.

Mwaka uliofuata akapelekwa Oakland kwenye dili lililomleta Carlos Beltrán kwetu. Niliumia. Na hapa ndo nyie wa soka mnachanganya, kwenye soka mchezaji asipotaka kuhama hahami, ila besiboli unaambiwa tu kesho uko mji mwingine, panga mizigo. Haki ya kukataa, kama haimo kwenye mkataba wako, unaipata ukifikisha miaka 10 ligi kuu na 5 ya mwisho mfululizo iwe timu hiyohiyo, sasa mtu wa kuitwa hiyo mitano anaitoa wapi?

2005 akapasuliwa kiwiko, wengi wanaishiaga hapo. Yeye akarudi, 2010 peke yake kachezea timu 3, 2011 Toronto wakamtoa kwenda St. Louis akabeba World Series, yaani ubingwa wa ligi kuu, 2012 akatua Detroit, ya 13, wakati huo hakuna mchezaji aliyewahi kufika hapo. Aliyekuja kumpita 2019 ni Edwin Jackson, na Jackson alikuwemo kwenye dili lilelile la kwenda St. Louis, walihama siku moja.

Garasa hapigiwi simu na timu 13 mkuu, tena nyingine zinapambania ubingwa.

Alifariki Aprili 2025, paa la klabu ya Jet Set lilipoporomoka Santo Domingo, alikuwa na miaka 51. Nilikuwa kazini habari ilipoingia. Mzee niliyekuwa nae siku hiyo ni Astros damu, akaniambia nimsomee tena, nikamsomea, akaomba nizime tivii tukakaa kimya mpaka muda wa dawa zake.