Kosa huanzia kwenye jani, si kwenye mashine

Ukitaka kujua kemia inayoufanya mmea uwe sugu kwa ugonjwa, panga makundi manne: aina sugu na aina dhaifu, kila moja ikiwa na mimea iliyopuliziwa vimelea na iliyopuliziwa maji. Kama spora za kuvu zimechanganywa na Tween (aina ya sabuni ya maabara), maji nayo yatiwe Tween kwa kiwango kilekile. Likikosekana kundi moja, hutajua kemikali ipi aina sugu ilikuwa nayo tangu mwanzo na ipi iliitengeneza baada ya kuvamiwa.

Kisha uvunaji, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jani lililokatwa ni jani lililojeruhiwa. Asidi ya jasmoniki, homoni ya mmea inayoitikia jeraha, hupanda ndani ya dakika chache. Ukikusanya majani 40 kwanza ndipo uyagandishe, utakuwa umepima jeraha la mkasi. Sogeza naitrojeni kimiminika (nyuzi −196) mpaka kwenye mmea: kata, tumbukiza papo hapo. Makundi yote yavunwe kwa kupishana, maana sukari ya asubuhi si ya jioni.

Kinu na mchi vipozwe kabla ya kusaga. Unga mzuri hutiririka kama vumbi. Ukianza kushikamana na kugeuka kijani kilichokolea, umeyeyuka, vimeng'enya vimeamka. Utupe, hata kama inauma. Pima miligramu 100 za unga ulioganda, ongeza mililita 1 ya methanoli ya 80% iliyopozwa, yenye kiasi maalumu cha ribitoli, kemikali ya kulinganishia vipimo. Kwa GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali zikiwa gesi na kuzitambua kwa uzito, kausha kabisa dondoo hilo: unyevu hula MSTFA, kemikali inayoifanya sukari iweze kugeuka gesi, kabla haijaifikia sukari yenyewe.

Chota kidogo kutoka kila sampuli, changanya, na upitishe mchanganyiko huo mashineni kila baada ya sampuli 10. Namba zake zikiyumba, mashine ndiyo inayoyumba.

Manitoli (aina ya alkoholi ya sukari) ikijaa kwenye jani lenye kuvu, usikimbilie kuiita kinga. Kuvu wengi huitengeneza wenyewe.

Na kemikali kupanda si ushahidi kwamba inakinga. Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabarani, ikivamiwa na bakteria Pseudomonas syringae hutengeneza kwa wingi kamaleksini, kemikali yake ya kujikinga, lakini mmea wenye hitilafu ya jeni PAD3, usioweza kuitengeneza, haulemewi zaidi na bakteria huyo. Uletee mmea huo kuvu Alternaria brassicicola, na pengo la kamaleksini litaonekana wazi.