Kabla hujapeleka shairi lako kwenye ngoma

Wadogo zangu mnaoanza kughani kwenye maharusi na matamasha, mi naongea kama mtu aliyeshaharibu. Mara ya kwanza kushika maiki ilikuwa harusini, nikamwambia mpiga kinanda we weka biti yoyote, akaweka chakacha ya mbio, ubeti wa pili pumzi imekata, wa tatu nameza maneno, bibi harusi mwenyewe anacheka, MC akanishukuru kabla sijamaliza.

Shuleni tulifundishwa mizani 16, yani silabi 16 kwa mstari, nane ukwapi (kipande cha kwanza) nane utao (kipande cha pili), tukahesabu kwa vidole tukapata maksi basi. Kumbe zile nane ni ngoma tayari! Chukua mstari huu nilioutunga kwenye daladala:

Konda nipe chenji yangu, mie nashuka Manzese

Piga meza mara nne kwa kila kipande, silabi mbili kila pigo. Hapo mwanzo ko, ni, che, ya, kila pigo linaangukia pale pale ambapo Mswahili anakaza sauti, yani silabi ya pili toka mwisho wa neno, ndo maana mtu wa ngoma anakudaka bila hata mazoezi. Sasa jaribu "Nauli nimeshalipa". Mizani nane vilevile, ila pigo la kwanza linagonga NA wakati mkazo uko kwenye U, ukiifuata ngoma kama mbuzi wa kamba neno linapinda na mama pale nyuma anamuuliza mwenzie, kasemaje huyu? Geuza, sema "Nishalipa na nauli", imekaa. Kina, ile silabi ya mwisho, kimebadilika hapo, najua, itabidi ufumue ubeti mzima, ndo kazi yenyewe hiyo na inachosha. Mwisho wa kipande usihangaike sana, silabi ya saba karibu siku zote ndo yenye mkazo kwahiyo inakutana na pigo la nne yenyewe.

Halafu kibwagizo, ule mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti, usikimalize mwenyewe. Sema "Konda nipe chenji yangu" kisha nyamaza, ubeti wa kwanza watakuangalia tu, wa pili wawili watatu watajibu, wa tatu ukumbi mzima unashuka Manzese. Watu wetu wanapenda kujibizana toka zamani, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967 na siasa nzito zikakaa vichwani mwa watoto kwa sababu kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kujibu.

Mavazi sina neno. Mrisho Mpoto anapanda jukwaani peku basi kila chipukizi siku hizi anavua viatu, we vua ukitaka, ila kwanza kamuone fundi mitambo umwambie apunguze besi, maana besi ikizidi inameza konsonanti zote na shairi bila konsonanti ni mluzi. Na mpiga ngoma mpe maji, mpe na karatasi ya beti, muweke alama pale unapotaka anyamaze. Mi ubeti wa mwisho huwa namwambia aache kabisa kupiga, nimalize kwa mdomo mtupu, akisahau namkanyaga mguu.